Kutoonekana Si Kutokuwepo

Mapema Desemba 2021, katika kisiwa cha Gough kilichoko Atlantiki ya Kusini, kamera ya mtego ilinasa picha ya panya. Alikuwa panya mdogo wa nyumbani, wa jamii ile ile inayotoboa magunia ya mchele huku kwetu. Miezi michache kabla ya hapo, helikopta zilikuwa zimemwaga chambo chenye sumu kisiwa kizima, kazi iliyoandaliwa kwa miaka na kugharimu mamilioni ya pauni, kwa lengo moja tu: asibaki panya hata mmoja. Kumbe walibaki.

Shirika la RSPB la Uingereza, lililoongoza kazi hiyo pamoja na serikali ya Tristan da Cunha, lilitangaza habari hiyo mbaya waziwazi, na kwa hilo nalivulia kofia. Sikielezi kisa hiki ili tuwacheke. Nakieleza kwa sababu makosa makubwa ya Gough yalifanyika zamani, helikopta hazijawashwa, na ni makosa ambayo mimi nawe tunaweza kuyafanya kesho bila hata kujijua. Tunaona dalili, tunaidharau. Tukiacha kuiona, tunasema imekwisha.

Gough ni kisiwa cha kilomita za mraba 65 hivi, milima mitupu na mabonde yenye majani mabichi, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka Cape Town. Hakuna mji wala kijiji. Afrika Kusini ina kituo cha hali ya hewa huko tangu 1956, na wafanyakazi wachache hukaa mwaka mzima wakisubiri meli ya kuwabadilisha. Mvua inayonyesha pale kwa mwaka hupita milimita 3,000, karibu mara tatu ya ile ya Dar es Salaam. Kisiwa hicho ni mali ya ndege wa baharini. Huzaliana pale kwa mamilioni, na mkubwa wao ni albatrosi wa Tristan, ambaye karibu wote waliopo duniani hutagia hapo.

Panya waliletwa na meli za wawinda sili katika karne ya 19. Hakuna aliyewapanga, walishuka na mizigo. Kwa zaidi ya miaka mia walikuwa pale, wakijulikana, na hakuna aliyewaona kuwa ni tatizo. Na ukifikiri kwa haraka, ungewaonaje kuwa tatizo? Kinda la albatrosi hufikia kilo 10. Panya wa Gough, ingawa vizazi kwa vizazi wamekua wakubwa kuliko wenzao wa bara, ana gramu 35 tu. Mtu akikuambia huyu anamla yule, utamwangalia mara mbili.

Dalili zilikuwepo. Vifaranga walihesabiwa kwenye viota wakati wa kuanguliwa, na walipohesabiwa tena miezi baadaye walikuwa wachache mno. Mizoga ilikutwa na vidonda. Kwa mambo ya namna hiyo maelezo ya haraka hayakosekani: baridi ilikuwa kali, wazazi walichelewa baharini, ndege wala mizoga wamepita. Kila kifo ukikiangalia peke yake, kina sababu yake ya kuridhisha. Tatizo huonekana pale tu mtu anapokaa chini na kuviweka vifo vyote kwenye karatasi moja. Watafiti waliokaa kisiwani mwaka 2000 na 2001 walifanya hivyo, na wakaanza kuwashuku panya. Bado ilikuwa shaka tu.

Ushahidi ulikuja na kamera. Ross Wanless na Andrea Angel, mke na mume, walikaa Gough kati ya 2003 na 2004 wakarekodi viota usiku kwa mwanga usioonekana kwa macho. Waliyoyanasa hayapendezi kuyatazama. Kinda limekaa kwenye kiota chake, kubwa kama bata mzinga. Panya wanakuja, mmoja, wawili, kisha wengine. Wanaanza kutafuna mgongoni. Kinda linajitikisa kidogo, linageuka, linatulia tena. Halipigani wala halikimbii, kwa sababu albatrosi wa Gough hawakuwahi kuishi na mnyama wa nchi kavu anayewala, na mwili wao haujui kwamba huyu mdogo ni adui. Kidonda kinapanuka usiku baada ya usiku mpaka kinda linakufa.

Baadaye, mwaka 2018, watafiti walikadiria kwamba panya wa Gough wanasababisha hasara ya karibu mayai na vifaranga milioni mbili kila mwaka, ukijumlisha ndege wa aina zote. Tafakari: hasara ya kiasi hicho ilikuwa ikitokea kisiwani ambako watu wanaishi, wanakula chakula cha mchana, wanaandika kiwango cha mvua kila siku. Walikuwa na macho kama yetu. Panya anafanya kazi usiku, kiota kiko mbali bondeni, na asubuhi kinachobaki ni mzoga tu.

Kisiwa cha Marion, ambacho ni cha Afrika Kusini katika Bahari ya Hindi upande wa kusini, kinanisikitisha zaidi. Huko nako panya waliletwa na wawinda sili. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa wawamalize panya kituoni. Paka wakaona ndege ni rahisi zaidi kuliko panya, wakazaana, na kufikia miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya elfu mbili wakiua ndege laki nne na ushee kwa mwaka. Iliwachukua watu hadi 1991 kuwamaliza, kwa ugonjwa wa virusi uliopandikizwa makusudi, kwa bunduki za usiku, mitego na sumu. Ilikuwa ushindi mkubwa na ulistahili kusherehekewa. Ila panya walibaki, na ni wachache waliokosa usingizi kwa ajili yao. Mwaka 2003 vifaranga wachache wa albatrosi walikutwa na vidonda. Wachache tu. Mwaka 2009 wakaonekana wengine, wamechunwa ngozi ya kichwa. Mwaka 2015 mashambulizi yakaenea sehemu nyingi za kisiwa. Mwaka 2023 panya walionekana wamewaua albatrosi wakubwa kabisa, ndege mwenye mabawa ya mita tatu.

Miaka ishirini ilipita kati ya vidonda vya kwanza na ndege wazima kufa, huku kila tukio likirekodiwa na kuchapishwa. Siwezi kusema hakuna aliyefanya kitu, maana walikuwepo watu waliopiga kelele mapema, na leo kuna mradi mzima wa kuwaondoa panya wa Marion kwa helikopta. Ila ukisoma mfuatano wa tarehe hizo huwezi kuacha kujiuliza: ni dalili ya ngapi ndiyo inayotosha? Ya kwanza tuliiita tukio. Ya pili tukaiita bahati mbaya. Nami najijua, kwa vidonda vya 2003 pengine ningesema ngoja tuone mwakani.

Turudi Gough. Kazi ilikuwa ifanyike 2020, korona ikaja, watu wakaondolewa kisiwani, mipango ikasogezwa mwaka mmoja. Mwaka 2021, katika miezi ya baridi, kazi ikafanyika. Baridi huchaguliwa kwa sababu panya wana njaa, hawazaani sana, na ndege wengi wako baharini. Chambo ni vidonge vya nafaka vyenye brodifakumu, sumu inayozuia damu kuganda. Helikopta hubeba ndoo kubwa yenye sahani inayozunguka na kurusha vidonge huku na huku, rubani akifuata mistari iliyochorwa kwa setilaiti, na kila mstari unapanda kidogo juu ya mwenzake. Kwenye mapango na ndani ya majengo watu waliweka chambo kwa mkono. Ndege wawili wa nchi kavu wenye asili ya kisiwa hicho pekee, kukuziwa wa Gough na shomoro wa Gough, walikamatwa kwa mamia na kufugwa mpaka hatari ipite. Umakini wote huo ni kwa sababu panya hatembei mbali. Ukanda mdogo uliokosa chambo, mwamba mmoja wenye ufa, unatosha kumficha.

Na wao hawahitaji wengi kubaki. Panya jike hubeba mimba siku kama ishirini, huzaa watoto watano, sita au zaidi, na watoto hao huanza kuzaa wakiwa na wiki sita hivi. Jike mmoja mwenye mimba akinusurika kwenye kisiwa chenye chakula, miaka miwili baadaye huwezi kujua kwamba kulikuwa na helikopta. Ndiyo maana kawaida ya kazi hii ni kutotangaza ushindi mpaka ipite takriban miaka miwili ya kutafuta kwa bidii bila kupata kitu.

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa, hata sisi tusio na kisiwa cha kusafisha. Baada ya sumu kumwagwa, kinachofuata ni ukimya. Mizoga michache, nyayo hakuna, jikoni kituoni hakuna kilichotafunwa. Kila mtu anataka kuamini. Wafadhili wanataka kuamini. Na aliyechoka huamini kuliko wote.

Kamera ya mtego ilibuniwa kwa ajili ya ukimya kama huo. Ni kisanduku kidogo, unakifunga kwenye mti au kijiti, na ndani yake kuna kihisio kinachotambua kiumbe chenye joto tofauti na mahali kilipo kikipita mbele yake. Hupiga picha chenyewe, mchana na usiku, bila mtu kuwepo. Tanzania tunaifahamu vizuri. Mwaka 2005 kamera za namna hiyo zilizotegwa katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, zilileta picha za sange mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa imemjua. Mwaka uliofuata wakakamatwa wachache, na 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya. Huyo si kadudu ka chini ya jani. Ana gramu kama 700, anatembea mchana, na msitu ulikuwa umeshatembelewa na watafiti wengi.

Basi kamera huona. Lakini kamera isiyoona kitu inasema nini? Inategemea. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kamera yako ina nafasi moja katika ishirini ya kumnasa panya anayeishi jirani nayo kwa usiku mmoja. Ukiiacha usiku ishirini bila picha, unaweza kudhani umemaliza. Hesabu inakataa: ikiwa panya yupo, uwezekano wa kamera kumkosa siku zote ishirini ni zaidi ya theluthi moja. Ukiiacha usiku sitini, unashuka chini ya asilimia tano. Na hiyo ni kwa panya aliye karibu na kamera ile. Aliye bonde la pili hayumo kwenye hesabu kabisa.

Kwa hiyo wanaoijua kazi hufanya jambo ambalo wengi wetu tunaliruka: wanazijaribu kamera kabla ya sumu, wakati panya bado wamejaa. Wanaona inachukua siku ngapi kumnasa wa kwanza, chambo gani cha harufu kinamvuta, siagi ya karanga au kingine, na kamera iwekwe urefu gani. Kamera iliyofungwa usawa wa paja kwa ajili ya chui itampita panya juu kwa juu. Iliyotazama jua la asubuhi itajaza kadi kwa picha za majani yanayopeperuka. Mchana wa pwani yetu, ardhi ikipata joto karibu sawa na mwili wa mnyama, kihisio kinaweza kumkosa anayepita mbele yake kabisa. Sisimizi huingia ndani ya kisanduku. Betri huisha siku ya tatu na kamera inaendelea kuning'inia pale mwezi mzima, na kwenye ripoti mwezi huo unaandikwa kama usiku thelathini bila panya.

Kisha kuna kadi zenyewe. Kamera arobaini zinaweza kukuletea makumi ya maelfu ya picha, nyingi zikiwa tupu. Mtu anaangalia mia za kwanza, anaona nyasi, anaona kaa, anaona nyasi tena, anaziweka kwenye droo. Dalili iliyopigwa picha ikalala kwenye droo ni sawa na ile isiyopigwa. Watu wangu mlio kwenye miradi ya hifadhi, vikundi vya mazingira, hata vyuo, nawaomba: kabla ya kuomba kamera nyingine kumi, mpangieni mtu wa kusoma picha za zile mlizo nazo, na mlipeni.

Wala kamera isiachwe peke yake. Wenzetu huweka pia vipande vya nta ambavyo panya huviachia alama za meno, vihandaki vidogo vyenye wino vinavyochukua nyayo, na mbwa waliofundishwa kunusa. Kwenye kisiwa cha South Georgia, ambako panya waliondolewa katika eneo kubwa kuliko lingine lolote lililowahi kujaribiwa, mbwa watatu na waongozaji wao walitembea zaidi ya kilomita 1,600 wakitafuta panya ambao hawakuwepo. Fikiria kumlipa mtu atembee umbali huo ili asikute kitu. Ndivyo walivyofanya, na Mei 2018 ndipo wakathubutu kutangaza.

Sababu za Gough kushindwa bado zinajadiliwa na wataalamu wa fani hii. Kwenye kisiwa chenye mvua vile, chambo huweza kuoza mapema, konokono wasio na gamba hukila kabla ya panya, na pengine panya fulani hakukipenda. Lenye faraja ni kwamba msimu uliofuata vifaranga wa albatrosi walionusurika walikuwa wengi kuliko ilivyozoeleka, kwa kuwa panya walipunguzwa sana. Hata hivyo kupunguza si kumaliza, na panya wa Gough wanajua kuzaana.

Linganisha na Lord Howe, kisiwa cha Australia katika Pasifiki. Panya waliingia mwaka 1918 meli ya Makambo ilipokwama pwani, na aina tano za ndege zikatoweka. Mwaka 2019 sumu iliwekwa, ikiwemo karibu na nyumba za watu, kwa mabishano makali, maana pale kuna wakaazi. Kisiwa kikanyamaza. Mwaka 2021 mkaazi mmoja akaona panya. Angeweza kusema ni yeye tu, macho yamezeeka, ni kivuli. Alitoa taarifa. Waliopokea nao wangeweza kumtuliza. Hawakumtuliza, walileta mbwa, kamera na chambo, wakapekua mtaa kwa mtaa, na kabla hawajamaliza walikuwa wameua panya karibu mia moja. Mia, kutokana na taarifa ya mtu mmoja! Ningependa kujua ni ofisi ngapi kwetu ambako simu kama ile ingepata mtu wa kuiandika.

Maana na sisi tunao wetu. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe takataka. Leo wako Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Malindi, wanakula mayai na makinda ya ndege wa asili, wananyakua vifaranga vya kuku uani, na wanasogea bara kwa kufuata barabara kuu na majalala. Miaka ya 1990 Zanzibar iliendesha kampeni kali dhidi yao, na idadi ikashuka sana mjini. Msaada ulipokatika, kazi ikasimama wakati kunguru wamebaki kidogo, na wale kidogo wakafanya kilichotarajiwa. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza kwamba litawaua kunguru milioni moja pwani. Idadi hiyo inavutia vichwa vya habari. Mimi ningetaka kusikia zaidi kuhusu mji ambao kunguru ndiyo kwanza wamefika wawili watatu, na nani amepewa kazi ya kuwaangalia hao wawili.

Na kuna visiwa vyetu vidogo. Chumbe, karibu na Unguja, iliwaondoa panya mwaka 1997, na ni kazi ngumu pale kwa sababu kaa mkubwa wa minazi huwahi chambo kabla ya panya. Kisiwa kama hicho kinafikiwa na boti za vyakula, vifaa na wageni, na mahali kama hapo hatari huanzia kwenye boti. Gunia linaloteremshwa likaguliwe kabla halijafika ghalani. Kamera chache zikae gatini na jikoni, chini, karibu na ukuta ambapo panya hupita, na picha zisomwe kila wiki, hata kama kwa mwaka mzima hazina kitu ila kaa na miguu ya mpishi.

Atakayeona mavi ya panya nyuma ya pipa la maji asiulizwe kama ana hakika. Aulizwe ni wapi, na kamera ihamishiwe pale jioni hiyo hiyo.